Mawimbi ya televisheni yanafika wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima mfiko wa matangazo Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoyarudia kila siku: wenye nyumba wa Rungwe na Kilolo waliochoka kugeuza antena, mafundi, watendaji wa vijiji wanaotaka kuandika barua yenye hoja, na wanafunzi wa vyuo wanaofanya utafiti. Majibu yanahusu matangazo ya ardhini, yaani yale yanayorushwa kutoka mnarani na kupokelewa kwa antena ya kawaida. Dishi limeguswa pale tu linapoingia kwenye hoja.

## Mambo ya msingi

Kupima mfiko wa matangazo ni kupima kitu gani hasa?

Ni kutafuta kama mtu wa kawaida, mwenye antena ya kawaida juu ya paa lake, atapata picha isiyokatika mahali alipo. Kinachopimwa hewani ni nguvu ya uga wa mawimbi, na huandikwa kwa desibeli (zimeelezwa hapo chini) juu ya mikrovolti moja kwa mita. Kwa matangazo ya kidijitali ya mfumo wa DVB-T2, wapangaji wa masafa hulenga kiwango kilicho kati ya 50 na 60 kwa kipimo hicho, kutegemea jinsi mtambo ulivyopangwa.

Namba peke yake haitoshi. Neno "tunafika" huambatana na masharti matatu: antena iko juu kiasi gani, ni asilimia ngapi ya nyumba za eneo hilo zinazopata, na kwa asilimia ngapi ya muda. Mtu akikuambia "matangazo yetu yanafika Makete" bila kutaja hayo, mwulize Makete ipi: mjini pale, au kule bondeni nyuma ya kilima.

Kwenye ramani kijiji chetu kimo ndani ya duara la mnara. Mbona hatuoni kitu?

Kwa sababu duara ni la nchi tambarare. Mchoraji kashika bikari, kaweka ncha kwenye mnara, kazungusha. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Loleza kinacholitazama kina mita 2,656, Mlima Rungwe unakaribia mita 2,960, na ukishuka hadi Kyela ufukweni mwa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 au hapo hapo. Katika ardhi ya namna hiyo eneo linalofikiwa kweli lina vidole virefu vinavyofuata mabonde yanayoutazama mnara, na lina mashimo meusi nyuma ya kila kigongo. Kijiji kinaweza kuwa kilomita 12 kutoka mnarani kikawa gizani, na kingine cha kilomita 60 kikaona vizuri kuliko mjini.

Duara hufaa kwenye tangazo la biashara. Kwa kazi ya kupima halina maana.

Enzi za analojia tulikuwa tunaona, japo kwa chenga. Sasa hakuna kitu. Mitambo imepunguzwa nguvu?

Si lazima. Tanzania Bara ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mbeya ikafuata mwaka 2013, kabla ya tarehe ya mwisho ya 17 Juni 2015 iliyowekwa na makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006. Kilichobadilika ni namna picha inavyokufa. Analojia hufifia polepole: chenga kidogo, chenga nyingi, halafu kivuli cha mtangazaji na sauti inayokoroma. Watu walitazama mpira hivyo miaka mingi na wakahesabu kwamba wanafikiwa, ingawa kwa vigezo vya wapangaji walikuwa nje ya eneo siku zote.

Dijitali haina huo ukingo laini. Ubora ukishuka kidogo tu chini ya kizingiti, pengine desibeli moja au mbili, picha inagandaganda kisha skrini inakuwa nyeusi. Ndiyo maana nyumba mbili zilizokuwa zikitazama chenga ile ile, leo moja ina picha safi na nyingine haina kitu.

King'amuzi kinasema nguvu ni asilimia 85 lakini ubora ni 20. Nimwamini nani?

Mwamini ubora. Nguvu ni jumla ya kila kitu kilichoingia kwenye waya: matangazo yenyewe, kelele za busta (kifaa cha kukuza mawimbi), mawimbi yaliyogonga mlima yakarudi yamechelewa, hata mnara wa simu wa jirani. Ubora ndio unaosema ni kiasi gani cha huo mchanganyiko king'amuzi kimeweza kukifumbua bila makosa.

Zingatia pia kwamba asilimia hizo ni za mtengenezaji mwenyewe. Asilimia 60 ya king'amuzi hiki inaweza kuwa sawa na 45 ya kile. Usichukue namba za ving'amuzi viwili tofauti ukazichora kwenye ramani moja. Fundi mwenye kipimio halisi husoma uwiano wa mawimbi kwa makosa yake, kwa desibeli: mtambo unaorusha chaneli nyingi kwa mpangilio mzito huhitaji karibu 18 hadi 20 ili picha itulie, na mtu mwangalifu huongeza tatu au nne za akiba kabla ya kusema "hapa panafikiwa".

Desibeli ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni njia ya kuandika mara ngapi. Nguvu ikiongezeka mara mbili, ni desibeli 3. Ikiongezeka mara kumi, ni 10. Mara mia, 20. Kumbuka hiyo 3, maana inajibu swali jingine linaloulizwa sana: kampuni ikiongeza nguvu ya mtambo maradufu, wewe unapata desibeli tatu tu. Ukipandisha antena yako kutoka dirishani hadi juu ya paa unaweza kupata zaidi ya hapo mara kadhaa.

## Milima na mabonde

Mlima unasaidia matangazo au unayazuia?

Vyote viwili, kutegemea uko upande gani. Minara huwekwa vileleni kwa sababu urefu ndio unaonunua umbali. Loleza ina mitambo ya mawasiliano kwa sababu hiyo. Lakini mlima ule ule unaoiinua antena ya kurushia huwa ukuta kwa walio nyuma ya mlima mwingine. Watu wa Iringa wanaujua mteremko wa kutoka mjini hadi Ipogolo: mwendo mfupi, lakini mji uko juu ya genge na Ipogolo iko chini kwenye bonde la Ruaha Mdogo. Mtambo ukikaa ndani ya mji, mbali na ukingo, genge lenyewe linawatupia kivuli walio chini, ingawa wako karibu kuliko wa Mafinga.

Basi mawimbi yanafika kilomita ngapi?

Kuna kanuni rahisi ya upeo wa redio. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya kurushia kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha jumla kwa 4.12, na jibu ni kilomita. Mnara wa mita 100 kwenye nchi tambarare na antena ya paa ya mita 9 vinakupa 10 jumlisha 3, mara 4.12, yaani karibu kilomita 54. Kanuni hii tayari imeingiza ukweli kwamba mawimbi hupinda kidogo kufuata mviringo wa dunia.

Sasa iweke antena mita 1,500 juu ya tambarare, kama kilele kinachotazama bonde la Usangu. Kipeuo cha pili cha 1,500 ni karibu 38.7. Jibu linaruka hadi kilomita 170 na zaidi. Na nguvu je, itatosha? Hewani kusiko na kizuizi, mtambo unaorusha kilowati 1 kuelekea kwako hutoa nguvu ya uga ya karibu 87 kwa kilomita 10, na karibu 67 kwa kilomita 100. Rudi kwenye kizingiti cha 50 hadi 60 kilichotajwa mwanzoni, utaona kwamba hata kilomita 100 bado zina akiba.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawaliamini hadi walione kwenye kipimio: huku kwetu kilomita haziui matangazo. Kinachoyaua ni kigongo kilichosimama katikati.

Kigongo kimoja kinakula kiasi gani?

Tuseme mnara uko kilomita 22 kutoka kwako, unarusha kilowati 1 kwenye masafa ya megahezi 500, na kilomita 2 kabla ya nyumba yako kuna kigongo kinachopanda mita 100 juu ya mstari wa kuonana. Bila kigongo ungepata karibu 80. Mawimbi yanapolazimika kupinda juu ya ukingo ule yanapoteza karibu desibeli 25. Unabaki na 55: uko pale pale kwenye kizingiti, siku nzuri unaona, siku mbaya huoni.

Kigongo kile kile kingekuwa kilomita 10 kutoka kwako, hasara ingekuwa ndogo zaidi, kwa sababu mawimbi yanapata nafasi ya kushuka taratibu. Wanaoishi chini kabisa ya mteremko ndio wanaoumia. Ndiyo sababu ushauri wa kwanza kwa mtu wa bondeni ni kusogea mbali na kilima kinachomkinga, hata kama kusogea huko kunamwongezea umbali kutoka mnarani.

Naliona mnara kwa macho yangu, taa nyekundu usiku ninaziona. Mbona ubora ni mdogo?

Mawimbi hayapiti kwenye uzi. Yanahitaji nafasi kuzunguka mstari wa kuonana, kama yai refu lililolala kati ya mnara na antena yako. Kwa njia ya kilomita 40 kwenye megahezi 500, yai hilo lina nusu kipenyo cha karibu mita 77 katikati, na angalau asilimia 60 ya hapo inatakiwa iwe wazi. Mstari ukigusa tu mgongo wa kilima bila kuzibwa, tayari umepoteza desibeli 6.

Sababu ya pili ni mwangwi. Mwamba ulio nyuma yako unaweza kurudisha mawimbi kwa nguvu. Hapo tumia antena yenye vijiti vingi inayosikia mbele zaidi kuliko nyuma, na hakikisha umeilaza au kuisimamisha kama ilivyo ile ya mnarani. Tazama antena za majirani wanaopata: vijiti vyao vimelala au vimesimama? Kukosea hapo peke yake hula desibeli zaidi ya kumi.

Ukungu na mvua za Tukuyu vinakata matangazo?

Ya ardhini, kwa kiasi kisichopimika kirahisi. Masafa ya megahezi 470 hadi 694 hayajali matone. Dishi ni habari nyingine. Masafa yake ni ya gigahezi 10 hadi 12 na zaidi, na mvua kubwa huyakata kweli.

Lakini malalamiko ya masika hayatoki hewani tu. Fungua kiunganishi cha waya kilichokaa nje misimu miwili ya mvua bila kufungwa vizuri: utakuta mkanda wa plastiki umelegea, maji yametambaa ndani ya waya, na nyuzi za shaba zimegeuka kijani. Waya huo unapimwa kuwa mbovu hata jua likiwaka. Ufungue kiunganishi, kata kipande kilichooza, weka kipya, kisha acha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke hapo.

Na miti je?

Miti ni tatizo halisi na hupuuzwa. Mtu wa Mufindi anayeishi kando ya mashamba ya misonobari ya Sao Hill anaweza kuwa aliona vizuri miti ilipokuwa midogo, miaka ikapita, ikakua, ubora ukashuka bila mtu kugusa mnara. Miti ikivunwa, picha inarudi. Majani mabichi yaliyolowa hula zaidi ya makavu, na miti inayoyumba kwa upepo hufanya ubora upande na kushuka kila sekunde. Migomba karibu na antena iliyo chini ni balaa ya aina hiyo hiyo. Ukipima, andika umepima miti ikiwa na hali gani.

## Kupima kwa vifaa

Nahitaji vifaa gani?

Kipimio kinachosoma DVB-T2 na kuonyesha nguvu na ubora kwa desibeli. Antena ambayo unajua inaongeza kiasi gani. Waya ambao upotevu wake umeupima, wala si kukisia. Mlingoti unaofika mita 10. Dira, na simu ya kukupa mahali ulipo. Na daftari, maana betri ya kipimio huisha kabla ya mlima.

Kwa nini mita 10?

Kwa sababu kanuni za kimataifa za kukadiria mawimbi, ikiwamo ile ya P.1546 ya Shirika la Mawasiliano Duniani ambayo wapangaji wengi huitumia, zimejengwa juu ya antena ya mita 10. Ukipima kwa mita 3 kisha ukalinganisha na ramani iliyochorwa kwa mita 10, unalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Hapo nina maoni yangu. Nyumba nyingi za vijijini huku zina paa la mita tatu au nne, na antena imefungwa kwenye mti wa mlonge au mwanzi. Ukipima kwa mita 10 peke yake unapata ripoti inayompendeza mrushaji na isiyomhusu mtazamaji. Pima kwa mita 10 ili uweze kulinganisha, kisha shusha hadi urefu wa paa la jirani na uandike namba ya pili.

Kipimio kinanipa mikrovolti. Nitapataje nguvu ya uga?

Unarudisha nyuma kila kilichoongezwa na kilichopotea. Kwa vifaa vya omu 75, kigezo cha antena, yaani namba inayogeuza usomaji kuwa nguvu ya uga, ni logi ya masafa kwa megahezi mara 20, toa ongezeko la antena, toa 31.5. Kisha ujumlishe kwenye usomaji, pamoja na upotevu wa waya.

Mfano: chaneli ya 24 ina kitovu cha megahezi 498. Logi yake mara 20 ni karibu 53.9. Antena inaongeza 10. Kwa hiyo 53.9 toa 10 toa 31.5 ni 12.4. Kipimio kimesoma desibeli 45 juu ya mikrovolti moja, waya umekula 2. Jumla ni 59.4. Namba hiyo ndiyo inayokwenda kwenye ramani. Kwa kutafuta kitovu cha chaneli yoyote: zidisha namba ya chaneli kwa 8, jumlisha 306.

Naweza kupima nikiwa kwenye gari linalotembea?

Ndiyo, na kwa barabara ndefu kama ya Makambako hadi Igawa hakuna njia nyingine ya maana. Lakini antena ya juu ya gari iko mita moja na nusu au mbili kutoka ardhini, hivyo inasoma chini ya antena ya paa kwa desibeli kumi na kitu. Kila kikundi cha pointi za gari kinahitaji sehemu chache za kusimama na kuinua mlingoti ili upate tofauti halisi ya eneo hilo.

Usichukue usomaji mmoja mmoja. Mawimbi yanapanda na kushuka ndani ya hatua moja kwa sababu ya mwangwi. Desturi ya wapimaji ni kuchukua wastani wa sampuli kama 50 katika mwendo wa urefu wa mawimbi 40. Kwa megahezi 500 urefu wa wimbi ni sentimita 60, hivyo ni kipande cha mita 24.

Hasara kubwa ya gari ni kwamba barabara hupita kwenye migongo na watu wanaishi mabondeni. Ripoti ya gari peke yake huipamba wilaya.

Kijiji kimoja kinahitaji pointi ngapi?

Inategemea kilivyokunjika. Kijiji cha Mbarali kilichotandaa kwenye tambarare ya mpunga, chache zinatosha. Kijiji cha Ileje au Ludewa, kila kitongoji kihesabu peke yake.

Sababu ni hii: hata ndani ya eneo dogo nguvu hutofautiana, na kwa dijitali wapangaji huchukua mtawanyiko wa desibeli 5.5. Ukitaka asilimia 70 ya nyumba zipate, wastani wa eneo uwe juu ya kizingiti kwa karibu 3. Ukitaka asilimia 95, uwe juu kwa 9. Kipimo kimoja kilichovuka kizingiti kwa desibeli moja mbele ya ofisi ya kijiji kinasema karibu nusu tu ya nyumba zitapata. Watendaji hukasirika wakisikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nipime saa ngapi?

Zaidi ya mara moja, na angalau mara moja jioni watu wanapotazama. Alfajiri yenye baridi na ukungu bondeni hudanganya; soma swali la Ziwa Nyasa hapo chini.

Sina kipimio. King'amuzi na televisheni ndogo vinatosha?

Kwa kujibu "panapata au hapapati", vinatosha, alimradi utumie king'amuzi hicho hicho kila mahali na antena ile ile kwa urefu ule ule. Andika ubora. Ukiwa na vipunguza-mawimbi vya bei ndogo vya desibeli 3 na 6, kuna mbinu nzuri: viongeze kimoja kimoja hadi picha ikatike. Jumla ya vilivyowekwa kabla ya kukatika ndiyo akiba ya mahali hapo, na akiba hiyo ina maana kuliko asilimia yoyote ya skrini.

Vijiti vya USB vya bei rahisi vinavyogeuza kompyuta kuwa redio ni vizuri kwa kujifunza, ila vingi husoma upana wa megahezi 2 na kidogo wakati chaneli ni ya megahezi 8, na havijasawazishwa. Vitumie kulinganisha mahali na mahali tu.

## Ramani za kompyuta

Siwezi kuchora ramani ofisini bila kupanda milima?

Unaweza, na ni vema uanze hivyo. Vipimo vya miinuko vya SRTM, vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, vinapatikana bure kwa kila mita 30 hivi. Programu za bure kama Radio Mobile na SPLAT! huvichukua na kukuchorea vivuli vya milima.

Angalia kanuni iliyo ndani. P.1546 hutazama wastani wa ardhi kuzunguka mnara na hufaa kwa picha pana. P.1812, na ile ya Longley na Rice, hufuata umbo la ardhi njia nzima kutoka mnara hadi kwako. Kwa milima ya Uporoto, Kipengere na Udzungwa tumia hizi za pili. Na usisahau kuingiza mwelekeo wa antena ya mnarani. Minara mingi hairushi sawa pande zote, na nguvu inayotajwa huwa ni ya upande ulio bora.

Ramani inasema tunapata, kipimio kinasema hatupati. Nani anasema kweli?

Kwa pointi ile, kipimio, kama kimesawazishwa na waya si mbovu. Ramani haijui miti, nyumba za ghorofa wala genge jembamba lililomezwa ndani ya mraba wa mita 30. Lakini tofauti ikiwa ya upande mmoja kila mahali, mfano kipimio kinasoma desibeli 6 chini popote uendapo, usiilaumu ardhi. Ama mtambo hautoi nguvu iliyoandikwa, ama hesabu yako ya antena imekosewa. Rudia swali la mikrovolti kabla hujamshutumu mtu.

"Tunafikia asilimia 80": asilimia ya nini?

Uliza hilo kila mara. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ina karibu kilomita za mraba 20,000, na sehemu kubwa imo Iringa na Mbeya. Mrushaji asiyefika huko hajamnyima mtu taarifa ya habari, ila asilimia yake ya eneo itaonekana mbaya. Kinyume chake, kwa Sensa ya 2022 mkoa wa Mbeya una watu wapatao milioni 2.3, wengi wamekusanyika jijini, Mbalizi na kwenye milima ya Rungwe. Mnara mmoja uliokaa vizuri unaweza kutoa asilimia nzuri ya watu huku mabonde mazima hayajaguswa. Ripoti ya maana hutoa zote mbili, na hutaja vitongoji vilivyobaki kwa majina.

## Mambo ya pembeni

Minara miwili inaweza kutumia chaneli moja bila kugombana?

Inaweza, ikirusha kitu kile kile kwa wakati ule ule. DVB-T2 huacha pengo la ulinzi ambamo mwangwi hauleti madhara. Kwa mpangilio mmoja unaotumika, pengo ni mikrosekunde 224, sawa na tofauti ya njia ya kilomita 67. Mwangwi wa nje ya hapo ni sumu. Huku kwetu, penye vilele vinavyoonana kutoka mbali, mpimaji asitazame nguvu tu. Anaweza kukuta nguvu tele na ubora sifuri katikati ya minara miwili.

Kwa nini Kyela na Matema asubuhi nyingine king'amuzi kinanasa chaneli ngeni?

Hewa baridi ikilala juu ya ziwa na yenye joto ikikaa juu yake, mawimbi hunaswa katikati na kusafiri mbali kupita upeo wa kawaida. Ziwa Nyasa ni refu, na Malawi iko ng'ambo. Jua likipanda tabaka huvunjika na chaneli hizo hupotea. Tatizo ni kwamba hali hiyo hiyo huleta mwingiliano kwenye chaneli za nyumbani. Vipimo vya saa hizo viweke pembeni, usivichanganye kwenye wastani.

Busta itanisaidia?

Ikiwa waya wako ni mrefu au unagawa televisheni kadhaa, ndiyo, ikifungwa juu karibu na antena. Ikiwa tatizo ni kivuli cha mlima, haisaidii: inakuza kelele pamoja na matangazo. Dalili ni ile ya nguvu 85, ubora 20. Iondoe upime tena. Si ajabu ubora ukapanda.

Kijiji chote kiko kivulini. Tunaweza kujiwekea mtambo mdogo wa kurudia matangazo juu ya kilima?

Kiufundi ndiyo, mitambo midogo ya kuziba mapengo ipo na hufanya kazi hiyo. Kisheria hapana, hadi uwe na leseni na kibali cha masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mtambo usiopangwa unaweza kuwaharibia walio na picha. Kwa nyumba moja moja, dishi ndilo jibu la haraka.

Nikishapima, nipeleke wapi?

Kwa mrushaji kwanza, kisha ofisi ya TCRA Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyoko Mbeya. Kwa maeneo yasiyo na huduma kibiashara upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

Barua ya "hatuoni televisheni" hukaa kwenye faili. Inayosogea ina jedwali: jina la kitongoji, mahali kwa dira ya satelaiti (GPS), chaneli, urefu wa antena, nguvu, ubora, tarehe na saa, hali ya hewa, na idadi ya nyumba zinazoguswa. Ambatisha picha ya skrini ya kipimio, na nyingine iliyopigwa kutoka chini ya mlingoti ikitazama upande wa mnara, ili fundi wao akione kigongo kabla hajapanda gari.